Kamera ya Uani

Mtu akinisifia nyumba za zamani, namuuliza kwanza kama amewahi kuunganisha kamera na waifai ndani ya nyumba hizo. Kama hajawahi, mazungumzo yaishie hapo, maana hajui anachokisifia.

Nyumba ya mama yetu iko Tabora mjini, upande wa soko la zamani. Babu wa baba yangu alipanda kutoka pwani kwa miguu pamoja na wapagazi, akafika hapa, akafungua duka la vitambaa na shanga, na nadhani baada ya safari ile kitu alichokitamani kuliko vyote ni ukuta. Akajenga kwa mawe na udongo, akaongeza udongo, akaongeza tena. Utotoni tulikuwa tunapanda dirishani, tunakaa humo miguu tumeikunja, tunakula karanga, na bado nafasi ya kuweka kikombe ipo. Jua la Oktoba, lile la kupasua kichwa, lilikuwa linaishia nje. Niliipenda nyumba ile na bado naipenda. Duka lilifungwa zamani baba akiwa hai, lakini mpaka leo nikiingia chumba cha mbele pua yangu inanidanganya kwamba majora ya vitambaa bado yapo.

Humo ndimo mama alimobaki baada ya baba kufariki. Watoto tuko wawili: kaka yangu, anayeishi Dar es Salaam, na mimi, muuguzi, ninayeishi Ipuli, hapahapa Tabora. Kila nikitoka zamu nilikuwa napitia kwa mama kabla sijafika kwangu. Dada wa kazi aliyekuwa analala naye aliolewa akaenda zake Urambo, na mama akakataa tumletee mwingine. Alisema amechoka kufundisha watu kupika wali, wakishaujua wanaolewa.

Basi siku moja akateleza bafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alikaa sakafuni muda mrefu, mpaka jirani mmoja, mama wa Kinyamwezi anayeuza asali ya Sikonge, alipopiga hodi, hodi ikakosa wa kuiitikia, akaingia kumtafuta. Nilipompigia kaka simu kumweleza, alilia mpaka mimi niliyeitwa kumtuliza mgonjwa nikawa na wagonjwa wawili. Nilielewa. Baba alipofariki kaka alikuwa njiani, na akafika kaburi limeshafukiwa. Jambo hilo halijawahi kumtoka.

Akaja, akakaa na mama, akamwambia anamchukua Dar. Mama alikuwa anamenya kitunguu. Hakuinua hata uso.

"Humu nitatolewa nimelala," alisema.

Mimi nilikuwa upande wa mama, tena si kwa wema tu. Bila mama mle ndani, mimi ningekuwa na nini Tabora? Wanangu wamehamia mbali; ningebaki na kazi na kitanda. Tukabishana, mimi na kaka, siku nzima, kwa sauti ya chini kwa sababu mama alikuwa anasikia vizuri kuliko sisi. Mwisho tukapatana hivi: kaka ataleta vile vifaa vya siku hizi vinavyomwezesha mtu kuiona nyumba yake akiwa mbali. Akimwona mama kila siku na moyo wake ukatulia, mama anabaki. Moyo ukikataa kutulia, likizo yake ya Desemba anakuja na gari, na mimi nisifungue mdomo.

Vifaa vikaja kwa basi, kwenye boksi: ruta ya kutumia laini ya simu, balbu mbili, na kamera ndogo nyeupe yenye jicho moja. Kaka akasema ni kazi ya dakika chache, hata mtoto anaweza. Nikamwambia basi aje huyo mtoto.

Balbu hazikunisumbua. Niliziweka chumba cha mbele ruta ilipokaa, nikafuata maelekezo kwenye simu, zikapepesa, zikatulia, na kaka akaziwasha akiwa ofisini kwake Dar. Mama alisema bismillahi akarudi nyuma hatua moja, halafu akaomba aziwashe tena. Jioni zikawa zinawaka zenyewe wakati wa Magharibi. Nikaona kumbe jambo lenyewe dogo, nikajisifu, na hapo ndipo nilipokosea.

Kamera ilitakiwa ikae chumbani kwa mama, au angalau sebuleni anapokaa na tasbihi yake. Nikaichomeka chumbani. Ikaanza kuongea Kiingereza, sauti ya mwanamke, akisema yuko tayari kuunganishwa. Mama akatoka bafuni mbio na kanga mkononi, akataka kujua ni mwanamke gani aliyeingia chumbani kwake bila hata salamu. Nikacheka mpaka nikakaa kitandani. Halafu kicheko kikaisha, maana yule mwanamke aliendelea kusema yuko tayari, yuko tayari, na hakuna kilichokuwa kinatokea.

Nilibonyeza kitufe chake cha nyuma kwa ncha ya kipini. Nikaionyesha ile michoro ya miraba kutoka kwenye simu, karibu, mbali, karibu tena. Kaka akanipigia, akaniambia zima uwashe. Nikazima nikawasha. Akaniuliza nimeshika mtandao upi, nikamwambia huo wa ruta yako. Kumbe ruta ile inatoa mitandao miwili, mmoja wa kasi na mmoja wa pole, na kamera inaujua ule wa pole tu, na mimi simu yangu nilikuwa nimeiweka kwenye ule wa kasi, kwa tamaa. Nikahama. Ikakubali kidogo, taa ikawa ya buluu, nikashangilia, ikarudi nyekundu. Mimi nimewahi kupata mshipa wa mtoto njiti mara ya kwanza kuchoma, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Kidude hiki kikanitoa jasho.

Ukuta, jamani. Mtandao ulikuwa unatoka chumba cha mbele, unafika kwenye ukuta wa babu, unafia humo. Na ruta yenyewe huwezi kuihamisha, kwa sababu ni kwenye dirisha lile la mbele tu ndipo laini ya simu inaposhika. Ndani zaidi hata kuongea ni kukatika-katika. Kaka alituma kifaa kingine cha kusogeza mtandao mbele, nacho kikaungua umeme uliporudi kwa kishindo. Nikaijaribu kamera sebuleni, ikakataa. Ukumbini ikashika na kuachia. Nikafungua mlango wa mbele wa ukumbi na mlango wa nyuma, nikatoka nayo uani huku nakokota waya, nikaishikiza kwenye nguzo ya jiko, inayotazamana na mlango. Taa ikawa buluu na ikabaki buluu. Nikasubiri.

"Shikamoo mama," nguzo ikasema, kwa sauti ya kaka yangu.

Mama akatazama juu ya bati, akatazama kisimani, ndipo akaitazama nguzo. "Marahaba, baba," akajibu, na mkono akaupeleka kifuani. "Umekula?" Nilijifanya naenda kuzima jiko ili wasione macho yangu. Yule aliyefika kwa miguu kutoka pwani, mama yake aliyemwacha huko aliisubiri salamu yake msimu mzima, na labda haikufika. Sisi hii imefika na chai bado ya moto. Niliamini kabisa kwamba tumeshinda na mama amebaki.

Sasa lazima niseme uani kwetu palikuwaje, maana bila hilo mtu ataona tulichezea jambo dogo.

Mbele kwenye baraza palikuwa pa wanaume. Uani ni pa wanawake. Baada ya sala ya adhuhuri walikuwa wanaingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wanavua mabaibui wanayatundika kwenye kamba ya nguo, wanatandika mikeka. Huyu anachambua mchele, huyu anasukwa, huyu ananyoshea miguu yake juani hina ikauke. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ilichemshwa kwenye sufuria kubwa pamoja na karanga, na kila anayepita anachota. Kiswahili, Kinyamwezi, Kiarabu cha kuombea na cha kutukania, vyote vilikuwemo. Jirani mmoja kutoka Ulyankulu alikuwa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula michembe yetu, na nyanya yangu alikuwa anamsubiri amalize ndipo ampitishie chumvi. Mimi nimejifunza mambo ya mwili uani kabla sijafika chuo cha uuguzi, tena kwa maneno ambayo chuoni hayasemwi. Nilikuwa nalala kwenye mapaja ya yeyote. Wangapi waliniosha miguu pale hata siwezi kusema.

Na mwanaume hakuingia uani bila kukohoa. Hata baba, mwenye nyumba yake, akifika ukumbini anakohoa, anasubiri, wanawake wanavuta mitandio, ndipo anapita kwenda kisimani. Hakuna aliyemfundisha mtoto wa kiume jambo hilo kwa maneno. Alikua akikohoa tu.

Wale wanawake wengi wamekwisha kufa. Lakini mama alikuwa bado na wake: yule wa asali, mke wa fundi cherehani wa pembeni, na wengine wawili watatu wa mtaani. Walikuwa wanakuja kila siku. Siku ya kwanza baada ya kamera, mama alifanya alichokijua. Walipoingia, akachukua kanga, akaitupia juu ya kamera, wakavua mabaibui wakakaa.

Simu ikanikuta wodini. Kaka alikuwa anahema. Kamera imekuwa nyeusi, anaita mama hajibu, kuna sauti za watu ndani, je wamevamiwa? Nikaacha kazi kwa mwenzangu nikapanda bodaboda, nikaingia uani mbio na sare yangu, nikakuta wanakula michembe, wanaongea kwa sauti ya kuifunika hiyo nguzo.

Nilipomweleza kaka, akasema hakununua kamera ili atazame kanga. Mama akitaka kuanguka hataanguka kwa saa anazochagua. Nikamwambia hao wanawake ni ulinzi kuliko kidude chake. Akaniuliza walikuwa wapi siku ya bafuni. Mama aliyasikia yote, akaitoa kanga mwenyewe, akaikunja, akasema mtoto asipate tabu.

Kesho yake wanawake walikaa na mitandio kichwani. Jua lile! Waliongea kwa kunong'ona, na wa asali akanivuta pembeni kuniuliza kama yule kijana anasikia pia au anaona tu. Nikamwambia anasikia. Akafikiria maneno aliyoyasema jana yake kuhusu mumewe, kanga ikiwa juu ya kamera lakini masikio yake yakiwa wazi, akashika mdomo.

"Baba yenu alikuwa anakohoa," akaniambia. "Hiki hakikohoi."

Nikamfikishia kaka. Kusema haki, hakupuuza. Alianza kukohoa. Kila kabla ya kuongea, nguzo inakohoa kwanza, kama baba kabisa, mpaka mama siku ya kwanza alivuta mtandio na kusimama. Akaapa pia kwamba mchana hatafungua. Najua alitimiza. Lakini wao wangejuaje? Jicho lilikuwa wazi muda wote, taa ya buluu muda wote. Mtu hawezi kuvua baibui kwa kiapo cha mtu aliye Dar. Mmoja akaacha kuja akisingizia magoti. Mwingine akawa na wajukuu. Walimwita mama kwao, lakini mama aliogopa kwamba kaka akifungua kwa dharura ataona kiti kitupu, naye hakutaka kumpa mtoto presha. Mwisho akabaki wa asali, anayechungulia mlangoni, anatoa mwangaluka yake, salamu ya Kinyamwezi, kwa sauti kubwa ili hata Dar isikie, anaacha chupa ya asali na kuondoka.

Kaka aliridhika, na nilipomwona ameridhika nikanyamaza. Kila asubuhi kabla ya kazi anakohoa, anamwamkia mama, wanaongea. Jioni tena. Aliniambia hajalala usingizi mzuri namna ile tangu msiba wa baba. Nilimfurahia. Hesabu yangu ilikuwa moja tu: Desemba ipite, mama abaki.

Mama akawa anakaa na kiti akikielekeza kwenye nguzo. Nafika nimechoka, nimebeba embe na mkate, nakaa naye ana kwa ana, na nikianza kumsimulia ya wodini ananiinulia kidole ninyamaze, maana kaka yangu anaweza kuita. Niliona wivu. Nasema wazi, niliona wivu mbaya. Mimi ndiye ninayemkata kucha, mimi ndiye ninayejua dawa ipi inamkorofisha tumbo, na ananinyamazisha kwa ajili ya nguzo.

Desemba kaka akaja. Hakuja kuchukua mtu. Alikuja kula likizo yake kwao, ana furaha, ametuletea kashata na samaki wakavu, anamwambia kila mtu mtaani jinsi mambo yalivyotengemaa. Nikaingia chumbani kwa mama kuchukua shuka la kumtandikia kaka. Nikakuta sanduku limefungwa, na mama amekaa juu yake.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa mwanawe. Sauti ameshaishiba, sasa anataka kumshika kichwa.

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua kama ninayo. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba humu atatolewa amelala. Nikamwambia tumehangaika, tumeunguza vifaa, nimekimbia kazini, ili abaki, na amebaki, hakuna anayemfukuza. Nilikuwa nalia kama mtoto na nina wajukuu.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilisema hivyo kukiwa na watu," akanijibu.

Asubuhi tukampakia. Kaka alikaa kwenye usukani, mkono wake mmoja umeshika mkono wa mama, na hakujua ajione mshindi au nini. Wa asali alisimama mlangoni, akamwekea chupa miguuni. Gari likakata kona ya soko, nikarudi ndani kufunga madirisha, na nilipofika uani nikakaa chini palepale.

Nikawa naendelea kupitia baada ya zamu, kwa mazoea, kufungua hewa iingie. Wiki za kwanza kamera niliigeuzia ukutani, kwa kununa. Halafu nikaona upuuzi, nikaamua kuichomoa kabisa nimrudishie mwenyewe. Nikaleta stuli, nikaigeuza kamera ili nipate waya wake.

"Mbona ua mchafu hivyo?"

Nusura nianguke. Ilikuwa sauti ya mama. Nikamwamkia, nikamuuliza kaka yuko wapi. Akasema kaka yuko kazini na simu ya zamani kamwachia yeye, kamfundisha pa kubonyeza, na amekuwa akibonyeza kila siku akaona ukuta tu. Yuko ghorofani, anatunzwa vizuri, mkwe wake hana tatizo, samaki ni wazuri. Halafu akauliza niko na nani hapo.

Nikamwambia niko peke yangu.

"Waite," akasema.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Wa asali nilimkuta anafua, akaja na mikono ya povu, mtandio ameuvuta mpaka machoni. Akasimama mbali na nguzo akauliza ni nani yumo. Mama akamwambia ni yeye tu, wanaume wote wameshatoka, na simu iko mkononi mwake. Mama akaambiwa aape, akaapa. Basi wa asali akauvua mtandio, akautundika kwenye kamba. Akaenda kuwaita wengine. Mke wa fundi cherehani alikuja na ungo wa mchele, yule wa magoti alikuja anatembea vizuri tu. Nikafagia haraka, nikatandika mikeka, na kabla sufuria haijachemka wakawa wameshaanza kumsimulia mama yote yaliyopita tangu aondoke, wote kwa pamoja, nani kaoa, nani kafukuzwa, mume wa nani kafanya nini, wanacheka mpaka wanapigana makofi ya mapaja, na mimi katikati yao nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Baada ya muda nikatambua mama hajasema neno. Nikadhani mtandao umekata. Nikainuka, nikasogea chini ya nguzo, nikamwita. Hakuitika. Nikamwita tena, na wenzangu wakanyamaza ili nisikie.

Alikuwa analia.

"Msinyamaze," akasema. "Endeleeni, nimekaa."